Maswali yenu: Tunaenda Sagana kupiga kayaki, na mimi kuogelea sijui vizuri

SWALI: Habari zenu. Mimi ni dada wa miaka 27, naishi Kasarani. Sisi marafiki tumepanga kwenda Sagana kupiga kayaki Jumamosi moja hii Novemba, tunatoka asubuhi tunarudi jioni. Mwenye anapanga amepata kijana ako na kayaki za mtu mmoja mmoja, bei ni karibu nusu ya wengine, na anasema mvua si shida, eti maji yakijaa ndio raha inazidi. Mimi kuogelea najua kidogo tu, kule kwa swimingi pulu upande wa watoto. Nikijaribu kuuliza maswali kwa grupu ya Wasapu naitwa mwoga, na pesa nishatuma. Niende ama nihepe?
Mwoga wa Maji, Kasarani

JIBU: Dadangu, kwa hii barua yako kilichonishtua hata si kuogelea, ni huyo kijana wa mvua si shida. Tana pale Sagana inapokea maji ya Mlima Kenya na ya Aberdare, kwa hivyo unaweza kuwa umesimama kwa ukingo jua linakuchoma mgongo na kumbe huko juu kumenyesha usiku kucha, na mto unapanda ukiwa unautazama. Na Novemba ni mvua za vuli. Mtu anayefanya hiyo kazi vizuri huangalia maji asubuhi hiyo kabla ya kukubali kuwapeleka, na akiona yamezidi anawahamisha sehemu tulivu ama anawaambia mrudi siku ingine, hata kama mmeshalipa na mmekasirika.

Hata wewe mwenyewe unaweza kuangalia. Mkifika chomeka kijiti pale maji yanapogusa ukingo, nendeni mvae, mpewe maelezo, halafu rudi hapo. Kama kijiti kimemezwa na maji yanakuja na matawi na takataka za shamba, mto unajaa, na hapo hakuna haja ya kupigia mtu kura kwa grupu.

Sasa kuogelea. Kwa maji makali hata waogeleaji wa mashindano huvaa life jaketi, juu maji yenye povu yamejaa hewa na hayakubebi vile ya pulu yanakubeba. Kwa hivyo jaketi ndio kitu ya kukagua kwanza: ivae, funga mikanda yote, halafu mwambie rafiki akuvute juu kwa mabega. Ikipanda mpaka masikioni, hiyo ni kubwa kwako ama haijakazwa, itisha ingine, usione haya.

Lakini kayaki ya mtu mmoja, ile ya kufungiwa ndani, kwa siku yako ya kwanza kwa mto wa mvua? Mimi nakataa kabisa. Kwa rafti, ile boti kubwa ya kujazwa hewa, mnakaa wengi na mwongozaji ako nyuma anawasomea maji, nyinyi ni kupiga kasia tu mkisikia amri. Kwa kayaki yako uko peke yako, na ikipinduka unaning'inia kichwa chini ndani ya maji, umevaa ile sketi ya mpira inayofunika tundu la kukalia. Kutoka si ngumu lakini lazima mwili uwe umezoea: unainama mbele karibu ulambe kayaki, unatafuta ule utepe wa mbele wa sketi, unauvuta mbele halafu juu, ndio unajisukuma nje. Utepe ukiwa umekunjwa ndani ya sketi hutaupata, kwa hivyo kabla hujasukumwa majini uguse kwa mkono wako. Hii watu hufundishwa kwa maji yametulia, tena na tena, na ile ya kujigeuza juu bila kutoka huwa inachukua muda mrefu zaidi, mtu asikudanganye utaijua kabla ya lunchi.

Mito hupimwa kwa gredi 1 mpaka 6. Gredi 1 maji yanatembea tu, 6 hata mabingwa wengi hubeba kayaki begani wakazunguka kwa miguu. Anayeanza kayaki akae 1 na 2. Muulize huyo kijana mnaenda gredi gani, nani atakuwa mbele na nani nyuma, na kamba ya kuokolea iko wapi. Akicheka badala ya kujibu, umejibiwa.

Na ukianguka, kwa rafti ama kayaki, lala chali, miguu mbele kule maji yanaenda, vidole vya miguu vikionekana juu. Usijaribu kusimama kwa maji yanayokimbia hata ukihisi ni kina kidogo, mguu ukinaswa kati ya mawe mkondo unakulaza na huinuki. Ukirushiwa kamba ishike kifuani, usiizungushe mkononi. Viatu ni vya kufunga, wacha slipa na jinzi nyumbani.

Kwa hivyo nenda, lakini andika kwa grupu hivi: "Mimi nachukua rafti, na mwongozaji akisema maji yamezidi nabaki kwa ukingo na samaki wangu." Sagana samaki si shida. Pesa uliyotuma isikuingize mtoni, ikipotea imepotea.

SWALI: Ni kweli mtu hupata kichocho huko?
Baba Njeri, Kayole

JIBU: Inawezekana, na eneo la Mwea hapo karibu linajulikana kwa kichocho miaka mingi. Konokono wanaokibeba hupenda maji yaliyotulia, mifereji na kando kando kwenye majani, kwa hivyo msipige picha mkiwa mmesimama kwa vidimbwi nusu saa nzima. Kukimbilia maabara kesho yake ni kupoteza pesa, mayai yanakuwa hayajaanza kuonekana. Ngoja kama miezi miwili ndio upime choo, na mwambie daktari uliingia maji gani. Lakini ukipata homa na kujikuna wiki chache baadaye usingoje. Dawa iko, inaitwa praziquantel.

SWALI: Si ni afadhali tuende Jinja tu?
Team Nile, South B

JIBU: Jinja, kule Uganda kwa Mto Nile, ni maji makubwa kweli, ingawa maporomoko ya Bujagali yalifunikwa na bwawa lililokamilika 2012, na bwawa la Isimba 2019 likafunika mengine tena. Lakini hiyo si safari ya kwenda na kurudi siku moja, ni basi usiku kucha kupitia Busia ama Malaba. Kitambulisho kinatosha kuvuka, na msisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano.