Diski ya nje inagonga, naambiwa niifomati. Nifanyeje?

Swali: Habari za kazi, fundi. Diski yangu ya nje ya TB 1 ina video za harusi za wateja. Nikiichomeka inagonga tik-tik-tik, kisha kompyuta inaniambia niifomati. Waya nimebadilisha, mlio ni uleule. Jirani yangu dukani anasema niifomati tu, mafaili nitayarudisha kwa programu. Mwingine ananielekeza kwa fundi Kariakoo aifungue apulize vumbi. Nimsikilize nani? (Mpiga video, Sinza)

Jibu: Usimsikilize yeyote kati yao. Ichomoe sasa hivi, na usiichomeke tena kujaribu kama imepona.

Kubadilisha waya ulifanya vyema, maana diski nyingi nzima hutupwa kwa sababu ya waya mbovu au tundu la USB lisilotoa umeme wa kutosha. Lakini mlio huo wa kugonga unaojirudia unatoka ndani. Humo sahani zinazohifadhi data zinazunguka, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika, na vichwa vya kusomea vinaelea nanomita chache tu juu yake. Vichwa vinatafuta alama za kujielekeza, vinazikosa, vinarudi pembeni, vinaanza upya. Kama kimoja kimeharibika, kila ukiwasha kinaweza kukwangua sahani, na palipokwanguliwa hapana fundi wa kuparudisha.

Sasa hili la kufomati. Kila mara naletewa diski ambayo ingeokoka, ila mwenyewe alitii ujumbe wa kwenye kioo. Ndugu yangu, ujumbe ule si dawa! Windows imeshindwa kusoma mpangilio wa mafaili, basi. Haijui kama mle kuna harusi ya mtu. Ukikubali, unailazimisha diski iliyochoka kuandika juu ya kumbukumbu zilezile unazozitafuta. Fomati kamili, tangu Windows Vista, huandika sifuri diski nzima, na hapo programu ya kurudisha mafaili haina cha kurudisha. Chkdsk nayo, programu ya Windows ya kurekebisha makosa ya diski, hunyoosha mpangilio, haiokoi data, na katika kunyoosha huko inaweza kukata mafaili vipandevipande.

Kufungua ndiyo balaa zaidi. Punje ya vumbi usiyoiona kwa macho ni kubwa kuliko nafasi iliyopo kati ya kichwa na sahani. Anayefungua diski juu ya meza ya kutengenezea simu, feni ikipuliza, anakuharibia mali na bado atakudai hela. Na wale wa kuiweka kwenye friji? Kwa unyevu wa Dar, ikitoka tu inaloa ndani.

Wengine wenye diski isiyogonga bado, ila folda zinachelewa kufunguka, kunakili kunakwama katikati, au diski inapotea na kurudi yenyewe: msianze kuipima. Nakilini kwanza vya muhimu, ndipo mfungue CrystalDiskInfo, programu ya kuonyesha afya ya diski, muone kama kuna sekta (vipande vidogo vya diski) mbovu zilizohamishwa au zinazosubiri kuhamishwa. Fundi anayejua kazi, diski ikiwa bado inasomeka, huinakili yote kwenye diski nyingine, kwa mfano kwa ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, kisha hufanya kazi kwenye nakala. Muulize hilo kabla hujamkabidhi. Akijibu "tutaifomati tuone", chukua diski yako uondoke.

Yako wewe inahitaji mtu mwenye chumba kisicho na vumbi na vichwa vya akiba vya modeli hiyohiyo, na gharama yake si ndogo. Kwa hiyo anza na kadi za kamera. Hata kama ulishazifuta, maadamu hujarekodi kitu kingine juu yake, mara nyingi video bado zinapatikana humo.