Maswali ya Wasomaji: Kutoka Picha ya Ukutani hadi Kitabu cha Watoto

Swali: Ndugu wahariri, nachora kwa rangi za maji na nimeshashiriki maonyesho kadhaa. Nina hadithi ya mtoto anayemtafuta paka wake, nami nataka iwe kitabu cha picha. Nimemaliza picha sita kubwa, lakini nikizipanga hazishikani. Nimekosea wapi?

Jibu: Umeanzia mwisho. Picha ya ukutani humtaka mtu asimame aitazame. Picha ya kitabu humsukuma mtoto afunue ukurasa. Ziweke hizo sita kando, hata kama roho inauma. Chukua karatasi nane, zipange pamoja, zikunje katikati na uzishone kwenye mkunjo. Hapo una kurasa 32, idadi ya vitabu vingi vya picha, kwa kuwa mitambo huchapa karatasi kubwa ambayo hukunjwa ikatoa kurasa 8 au 16. Ukitaka 34, unanunua karatasi ya kutupa.

Ukurasa wa 1 uwe wa jina la kitabu, wa 2 na wa 3 wa hakimiliki na tabaruku. Zinabaki jozi 14 za kurasa zinazotazamana, na ukurasa wa 32 peke yake. Chora humo kwa penseli, haraka haraka, bila kupamba. Kisha soma kwa sauti huku ukifunua. Utaona mara moja pale hadithi inapolegea, au pale kurasa nne mfululizo zinapomwonyesha mtoto kwa umbali uleule. Jambo la kushtua lisikae ukurasa wa kulia, maana jicho la mtoto litalidaka kabla hujalisoma. Swali liwe kulia, jibu alikute akifunua.

Halafu uyapunguze maneno. Tuseme umeandika: “Alimtafuta chini ya kitanda.” Mchore mtoto amejipenyeza uvunguni, miguu tu inaonekana, na huku pazia limeachia ncha ya mkia. Mkia usiutaje kabisa! Msikilizaji anamwona paka ambaye mhusika hamwoni, na hapo ndipo anaponyoosha kidole na kupiga kelele. Sentensi inayorudia kilichomo pichani ifute. Hadithi nzima ikivuka maneno 500, ichunguze tena.

Swali: Mtoto wangu wa kwenye hadithi anabadilika sura kila ukurasa. Nifanyeje?

Jibu: Kabla ya picha yoyote kamili, mchore kwenye karatasi moja akiwa mbele, ubavuni na mgongoni, kisha akicheka, akiogopa, akilia. Pima urefu wake kwa vichwa, yaani mwili mzima ni sawa na vichwa vyake vingapi: ukiamua vitatu na nusu, usibadilishe. Hesabu vifungo vya shati. Rangi nazo hukoroga mambo, kwani rangi ya maji hupauka ikikauka, na mchanganyiko wa leo haufanani na wa wiki ijayo. Paka doa la kila rangi pembeni, liache likauke, andika ulichochanganya, kisha upake mashati ya kurasa zote kwa mchanganyiko mmoja.

Swali: Nakala ya majaribio imerudi na uso wa mhusika umemezwa na mkunjo, na kijani changu kimefifia.

Jibu: Nyuso na mikono ziwe angalau sentimita moja na nusu kutoka kwenye mkunjo. Kingo za nje za picha nazo zivuke mstari wa kukatia kwa milimita 3, la sivyo kisu kikiteleza kidogo utabaki na utepe mweupe. Kijani kimefifia kwa sababu kioo cha kompyuta hutoa mwanga, ilhali mtambo una wino nne tu: samawati, waridi, njano na nyeusi. Omba sampuli kwenye karatasi ileile ya kitabu kabla ya kuidhinisha. Skani iwe nukta 300 kwa inchi kwa ukubwa wa mwisho. Maandishi usiyachore juu ya picha. Yakikaa peke yake kwa wino mweusi, tafsiri itabadilisha bamba moja tu la kuchapia, lile la wino mweusi.

Swali: Nimalize picha zote ndipo nimpelekee mchapishaji?

Jibu: Hapana. Peleka kitabu kizima cha penseli na picha mbili au tatu zilizokamilika. Mhariri karibu hakosi kuhamisha kurasa, na kurekebisha penseli ni kazi ya jioni moja. Msomaji wetu wa kwanza anaweza kuzirudia picha zake sita hapa, mradi zinaingia kwenye jozi alizokwisha kuzipanga na uso hauangukii mkunjoni.