Kuchapisha upya magazeti ya Mapinduzi ya Ufaransa

Ndugu yangu, umesema umerithi nakala kumi na mbili za Le Père Duchesne, gazeti la Jacques Hébert, mwandishi mkali wa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, na unataka kuzichapisha upya. Nakusihi, selotepu usiiguse. Gundi yake hupenya karatasi na kuacha doa la kahawia lisilotoka. Palipochanika, tumia karatasi nyembamba ya Kijapani na uji wa wanga wa ngano.

Karatasi yenyewe isikutie hofu. Ilitengenezwa kwa matambara ya kitani, na mara nyingi ni imara kuliko magazeti ya miaka ya 1900 yaliyochapwa kwenye karatasi ya mbao. Adui wake ni unyevu, jua na mikono yenye haraka.

Kabla ya kupiga picha, hakikisha ni za Hébert kweli, maana jina la Père Duchesne liliigwa na wengi. Tazama mchoro wa juu: mzee mwenye kiko, bastola kiunoni, shoka mkononi, na padri amepiga magoti. Kisha linganisha na nakala zilizomo Gallica, hazina ya mtandaoni ya maktaba ya taifa ya Ufaransa.

Kazi kubwa itakuwa maandishi. Wachapaji wa wakati ule walitumia s ndefu inayofanana na f, na kompyuta inayosoma maandishi kwenye picha huzichanganya herufi hizo mara kwa mara. Soma kwa macho, neno kwa neno. Tahajia za kale kama “étoit” (leo huandikwa “était”) ziache zilivyo, na matusi ya Hébert pia. Mimi ningechapisha picha ya ukurasa upande mmoja, maandishi safi upande wa pili.