Bletchley Park: siku moja inatosha?
Ndugu, siku moja inakutosha kutembelea Bletchley Park, kituo cha zamani cha Waingereza cha kufumbua siri za adui wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ila wahi treni ya asubuhi kutoka Euston, London. Ukishuka stesheni ni mwendo wa dakika chache tu kwa miguu. Anzia mabanda ya mbao, hasa Banda namba 8 alikofanyia kazi Alan Turing, mwanahisabati mfumbuaji wa siri. Halafu usikose Colossus iliyoundwa upya, mashine iliyosaidia kusoma siri za majenerali wa Hitler. Iko kwenye makumbusho ya kompyuta hapohapo jirani, lakini tiketi yake ni nyingine. Mimi nilisimama mbele ya mashine hiyo muda mrefu nikiiwaza Mombasa: mwaka 1942 Waingereza walifumbua ujumbe wa siri wa Wajapani palepale, katika shule ya Allidina Visram!