Mwezi haukupatwa kwa ajili yetu

Mwanangu,

Wa alaykum salaam. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, ya mwisho nikiwa nakuna nazi. Nakujibu kwa kuandika kwa sababu mambo haya nikiyasema nitalia, nawe utadhani naumwa. Umeniuliza: "Mama, nikiendelea na hii falsafa, dini yangu itabaki?" Ukaongeza kwamba shangazi yako amekwambia falsafa huanzia darasani ikaishia kwenye ukafiri. Shangazi yako alisema hayohayo kuhusu televisheni.

Mimi ni mwalimu wa fizikia mstaafu, si sheikh. Ninalolijua ni lile nililowaambia tangu wadogo: kila swali lina mlango wake. Ukitaka bei ya dagaa hupigi hodi kwa kadhi. Nilitaka nikuandikie hivyo tu niende kulala, ila nimekumbuka usiku wa mdogo wako, na usingizi umeruka.

Ulikuwa na miaka mitatu, huwezi kukumbuka. Jumanne, tarehe 16 Septemba 1997. Tulimzika baada ya Alasiri. Baada ya Isha, wanawake wamejaa mikekani chumba cha mbele, mtu akapiga kelele uani: mwezi unaliwa! Kwenye saa tatu na robo ulikuwa umeshafunikwa wote, mwekundu kama lile sinia la shaba la bibi yako. Watoto wakaanza kugonga masufuria. Mama mkubwa akanikumbatia kwa nyuma, akaninong'oneza: "Umeona? Hata mwezi unamlilia."

Wiki chache kabla nilikuwa nimewafundisha kidato cha pili kupatwa kwa mwezi, kwa balbu, chungwa na kunazi. Nilijua kwamba dunia imekaa katikati ya jua na mwezi, kwamba kile ni kivuli chetu wenyewe, na kwamba wekundu ule ni mwanga wa jua uliopindishwa na hewa ya dunia. Yote hayo nilikuwa nayo kichwani, na bado nililishika neno la mama mkubwa kama mfa maji.

Ndipo babu yako akasimama mlangoni. Hakuvuka kizingiti, kwa kuwa ndani ni wanawake. Akasema kwa ile sauti yake ya madrasa: mwezi haupatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu. Akatukumbusha kwamba Ibrahim, mwana wa Mtume, alipofariki pale Madina, jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa msiba ule. Na mfiwa mwenyewe, ambaye machozi yake kwa mwanawe watu waliyaona, ndiye aliyewakatalia. Kisha akawachukua wanaume wakaswali swala ya kupatwa. Masufuria yakanyamaza. Mama mkubwa akaniachia.

Sikusema na babu yako mpaka mwaka ukaisha, ukiacha salamu. Nyie mmekua mkidhani ni ule ugomvi wa shamba la Pangani. Haukuwa wa shamba.

Sasa wewe unaongea kana kwamba kuna kamba, akili wameshika huku, dini wameshika kule, wanavutana. Usiku ule nani alishika wapi? Mwalimu wa fizikia alitaka mwezi umlilie mwanawe. Mwalimu wa madrasa akasema hapana. Na katika zile karatasi ulizonitumia nimeona Al-Ghazali, yule mwanazuoni wa Kiislamu wa zamani, kwenye kitabu kilekile cha kuwapinga wanafalsafa, anaonya mapema kabisa: anayebishana na wanahesabu kuhusu kupatwa kwa jua na mwezi, akidhani anaitetea dini, anaitia dini hasara. Nilicheka peke yangu. Babu yako mtupu!

Ila huyo Al-Ghazali kanisumbua kwa habari ya pamba na moto. Anasema tunachokiona ni pamba kuungua moto unapoifikia. Kwamba moto ndio ulioiunguza, hilo jicho halijaliona. Juzi nikachomoa sufi kidogo kwenye mto wako wa zamani (usicheke, najua naye aliishia usufini), nikawasha kiberiti, nikatazama kwa makini, mimi niliyefundisha joto miaka 31. Nikaona mwali, moshi, majivu. Neno "kwa sababu" sikuliona popote. Halafu nikaungua kidole, nikajikuta nasema Ibn Rushd hoyee, maana yule mwanafalsafa, kadhi wa Cordoba kule Hispania, alimjibu Al-Ghazali kwamba anayekataa sababu amekataa akili yenyewe. Maskini, vitabu vyake navyo vilikuja kuchomwa moto. Al-Ghazali angekuwa hai, tungemuuliza ni nini kilichoviunguza.

Kidole si hoja, utasema. Haya. Ila nadhani nimeanza kuielewa kazi yenu: mnamuuliza mtu kipi amekiona na kipi amekiongeza mwenyewe. Hilo nalipenda. Mama mkubwa aliongeza.

Lakini mimi usiku ule sikuwa nauliza kwa nini mwezi umepatwa. Nilikuwa nauliza kwa nini mtoto wa miezi minane. Babu yako alijibu swali ambalo jibu lake nilikuwa nalo tangu chuo cha ualimu, hili jingine akaliacha. Fizikia hailigusi. Wanafalsafa wako nimewasoma, wanalizunguka kama wageni wasioujua mlango wa nyumba. Dini inaligusa: alikuwa wake Mola, amemchukua. Kuna siku hilo linanitosha. Kuna siku halinitoshi, na naswali vivyo hivyo. Kila swali lina mlango wake, nimesema, na najua utaniuliza nani aliyeiweka hiyo milango. Sijui. Labda mingine ni ukuta tu tuliouchora bawaba.

Babu yako alisema kweli, hilo nilishakiri. Ila saa ile? Mbele ya watu? Uongo mtamu ukiulaza usiku mmoja unaota mizizi, najua, nimefundisha watoto. Lakini angengoja kukuche tu. Kukuche, basi.

Tarehe 27 Julai 2018, ukiwa huko chuoni, mwezi ulipatwa tena, na safari hiyo ulifunikwa wote kwa saa nzima na dakika 43. Babu alikuwa hasimami tena. Akaomba tumtoe uani na kiti chake, akaswali ameketi. Alipotoa salamu akautazama mwezi kitambo, akanishika mkono, akataja jina la mdogo wako. Miaka 21 hakuwahi kulitaja mbele yangu. Hakuongeza neno, nami sikumuuliza.

Hapa nilikuwa nimeandika kwamba alikuwa ananiomba radhi, nikafuta. Nilichokiona ni mkono na jina.

Ada ya muhula ujao nitaituma Jumatatu. Shangazi yako usimwambie. Mto nimeushona.

Mama yako