Swali la lugha: Kiazi kikuu kikiwa kidogo tukiiteje?

SWALI: Nilipokuwa Pemba kikazi nilipikiwa “viazi vikuu” kwa tui la nazi. Niliporudi Nakuru, mwenzangu akasema nilipaswa kusema “viazi vikubwa”, mwingine akashikilia kuwa nilizokula ni nduma tu. Nani kapatia?

JIBU: Ndugu msomaji, wote wawili wamekosa, ila wa kwanza kakosa kwa namna inayovutia zaidi.

Nduma ndiyo gimbi la Tanzania Bara, au jimbi kama wasemavyo Zanzibar. Hiyo ina majani mapana yanayosimama juu ya vikonyo vyake, na hupenda penye maji. Kiazi kikuu hutambaa. Usipokichomekea mti, kitajitafutia chenyewe, kiusokote na kupanda hadi juu. Shina hufa msimu ukiisha, kiazi kikabaki ardhini na kuchipua tena mvua zikirudi. Wakikuyu hukiita gĩkwa, kwa hiyo huko Nakuru ukiuliza ikwa sokoni utaelekezwa.

Sasa hilo “kikuu”. Mzizi -kuu hautaji ukubwa wa kupima kwa macho. Dodoma ni mji mkuu, lakini mji mkubwa ni Dar es Salaam. Mwalimu mkuu anaweza kuwa mfupi kuliko wanafunzi wake wote. Na mgonjwa wa kifua kikuu, masikini, hana kifua kipana! Katika majina ya namna hii -kuu imekwisha gandana na nomino, hata maneno mawili yakataja kitu kimoja. Ni kweli kiazi hiki huweza kufika kilo tano na kuzidi, lakini kikichimbwa kichanga, kikatosha kiganjani, bado ni kiazi kikuu: kiazi kikuu kidogo. Kwa upande wa pili, mbatata ikinenepa kama kichwa cha mtoto ni kiazi kikubwa, basi.

Kwa hiyo mchuuzi anayesema “nipatie viazi vikuu viwili vikubwa” harudii neno. Kila kivumishi kina kazi yake.

Ila upatanisho usiuache. Siku hizi nasikia “viazi kuu”, pengine kwa kuigiza “barabara kuu”. Barabara iko ngeli ya I-/ZI-, haidai kiambishi hapo, viazi vinadai. Wala usiirudufu ukasema “viazi vikuukuu”, maana hapo utakuwa umemwambia muuzaji kwamba bidhaa yake imechakaa.