Kuzifuatilia ncha za dunia kwa vyanzo vya wazi: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo, mtaalamu. Ninaandika tasnifu ya shahada ya uzamili kuhusu ushindani wa Marekani, Urusi na China katika Aktiki na Antaktika. Sina fedha za kununua picha za setilaiti, na nimesoma kwamba huko jua halichomozi kwa miezi kadhaa. Naweza kufuatilia kambi na meli zao kwa vyanzo vya wazi tu? Na nikiona jengo jipya, nitajuaje kama ni la kijeshi au la kisayansi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Giza lisikutishe, maana setilaiti za rada hazihitaji jua. Sentinel-1 ya Shirika la Anga za Juu la Ulaya hurusha mawimbi yake yenyewe na kupokea yanayorudi, kwa hiyo hupiga picha usiku na hata anga likiwa limefunikwa na mawingu. Picha zake ni za bure kupitia Copernicus, mpango wa Ulaya wa kuitazama dunia kwa setilaiti. Unafungua akaunti tu. Tena kwa kuwa setilaiti hizi huzunguka dunia zikipita karibu na ncha, njia zake hukaribiana kadiri unavyopanda kaskazini. Svalbard, visiwa vya Norway huko Aktiki, hupigwa picha mara nyingi zaidi kuliko Morogoro.

Kazi ngumu ni kuzisoma. Juu ya bahari za ncha Sentinel-1 mara nyingi hufunika ukanda wenye upana wa kilomita 400, na kila nukta ya picha huwakilisha mita 40 hivi. Meli ya nyuklia ya kuvunja barafu ya daraja la Arktika ina urefu wa mita 173. Kwenye picha hiyo itakuwa nukta chache zinazong'aa. Bonge la barafu linaloelea nalo hung'aa vilevile. Mimi hutafuta kwanza mfereji: meli inayopita kwenye barafu huacha mstari nyuma yake, na mara nyingi mstari huo unauona kabla ya meli yenyewe. Kisha fungua picha ya siku iliyotangulia na inayofuata. Bonge la barafu huchukuliwa na mkondo pamoja na barafu inayolizunguka. Meli hukata njia yake. Kiangazi kikifika, linganisha na Sentinel-2, ambayo ni kamera ya kawaida yenye ubora wa mita 10, au Landsat, setilaiti za Marekani zenye ubora wa mita 30.

Kwa majina ya meli utahitaji AIS, mfumo wa redio unaotangaza jina la meli na mahali ilipo, ambao meli za kuanzia tani 300 zinazosafiri kimataifa zinatakiwa kuwa nao. Manowari zimesamehewa. Hapa wanafunzi wengi hujikwaa. Tovuti za bure hutegemea zaidi vipokezi vya pwani, ambavyo husikia makumi machache tu ya maili za baharini. Meli ikipotea kwenye ramani katika Bahari ya Kara, kaskazini mwa Urusi, huenda haikuzima chochote. Hakuna aliyekuwa karibu wa kuisikia. Usiandike "meli ilijificha" kabla hujaitafuta kwenye rada.

Hata AIS ikiwa kamili, ina mpaka wake. Tarehe 7 Januari 2022 mmoja kati ya mikongo miwili ya mawasiliano inayounganisha Svalbard na Norway bara uliharibika. Mikongo hiyo ndiyo inayosafirisha data za SvalSat, kituo kinachopokea taarifa za setilaiti zinazopita juu ya ncha, kwa hiyo hofu ilikuwa kubwa. Waandishi wa shirika la utangazaji la Norway, NRK, walichimba data za AIS na kuonyesha kwamba meli ya uvuvi ya Urusi ilikuwa imevuka juu ya mkongo huo mara nyingi. Ilikuwa kazi nzuri sana ya vyanzo vya wazi. Hata hivyo polisi wa Norway walifunga jalada kwa kukosa ushahidi. Data ilionyesha meli ilikuwa wapi na saa ngapi. Kama nahodha alikusudia au alikuwa akivua tu, hakuna pikseli itakayokuambia.

Hilo ndilo jibu la swali lako la mwisho pia. Nagurskoye, katika visiwa vya Franz Josef Land, ni rahisi: Urusi yenyewe hutangaza kuwa ni kambi ya kijeshi, na njia yake ya kurukia ndege, takriban mita 3,500, unaweza kuipima mwenyewe. Kituo cha China cha Qinling kwenye kisiwa cha Inexpressible, Bahari ya Ross huko Antaktika, ni kigumu zaidi. Mwaka 2023 taasisi ya CSIS ya Washington ilitumia picha za setilaiti kuonyesha kwamba ujenzi umeanza tena, ikatahadharisha kwamba eneo hilo linaweza kufaa kunasa mawasiliano. Kituo kilifunguliwa Februari 2024. Ujenzi umeonekana kwa macho. Huo unasaji ni makisio, na katika tasnifu yako uviweke katika sentensi tofauti. Zaidi ya hapo, Mkataba wa Antaktika wa 1959 unapiga marufuku hatua za kijeshi lakini unaruhusu wanajeshi na zana zao kusaidia utafiti. Ukiona sare, hujathibitisha kitu.

Kwa hiyo soma nyaraka kabla ya picha. China iliwasilisha rasimu ya tathmini ya mazingira ya kituo hicho kabla ya kukijenga, na Ibara ya 7 ya mkataba inawapa wanachama haki ya kukaguana. Wakaguzi wa Marekani walifika kisiwani hapo mwaka 2020. Nyaraka za namna hii hutunzwa na sekretarieti ya mkataba iliyopo Buenos Aires. Weka mchoro wa rasimu kando ya picha ya setilaiti. Jengo lililopo ardhini na halimo kwenye mchoro ni swali halali la utafiti.

Jihadhari pia na mchezo wa kuhesabu meli za kuvunja barafu. Urusi ina nane za nyuklia na Marekani haina hata moja, ndiyo, lakini zile za Urusi hufanya kazi kubwa ya kusindikiza mizigo kwenye pwani yake ndefu. Pima badala yake lengo dhidi ya matokeo: mwaka 2018 Putin aliagiza Njia ya Bahari ya Kaskazini, ile inayopita kando ya pwani ya Aktiki ya Urusi, ifikishe tani milioni 80 za mizigo kwa mwaka kufikia 2024, na mwaka huo ulipoisha zilikuwa takriban milioni 38.

Kwa muda ulio nao, ningechagua njia hiyo moja na msimu mmoja, Julai hadi Novemba. Mamlaka ya njia hiyo imekuwa ikichapisha vibali vya kupita vyenye majina ya meli. Tafuta kwa Kirusi, kisha tafsiri. Kwa Kiingereza utapata sehemu ndogo tu. Chukua vibali hivyo, ufuatilie kila meli kwenye AIS, na pale inapopotea ndipo ufungue Sentinel-1.